Mashahidi Katika Jicho la Atu

“Lete hiyo tochi.”

“Umeshaangalia mara tatu, Mama. Hakitapungua kwa kuangaliwa.”

“Atuganile. Lete tochi.”

“Kimenenepa tu. Hata wewe umenenepa tangu Januari, na hakuna aliyempigia daktari simu.”

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Ukicheka katikati ya ugomvi na binti wa miaka kumi na sita, umeshashindwa. Nilinyoosha mkono nikangoja. Tulikuwa stoo, mlango umefungwa na gunia limetundikwa dirishani, ingawa nje ilikuwa mchana mweupe na mvua ya Tukuyu ilikuwa imepumzika. Ndizi zilizokuwa zinaiva kwenye majani makavu zilinukia hadi kooni. Kazi yetu ilihitaji giza, na ilihitaji ndizi.

Akatoa tochi. Hakunipa mkononi; aliiweka juu ya debe la mahindi niiokote mwenyewe.

“Kula,” nikasema.

Alimenya ndizi akaimaliza kwa hasira. Kisha akaegemeza kichwa ukutani, akafungua jicho la kushoto kwa vidole viwili. Nikawasha.

Mwanga wa tochi ile ni wa buluu, hafifu. Mwanzoni huoni kitu ila jicho la mwanao: duara la kahawia linalozunguka mboni nyeusi, na juu ya ile kahawia vidoa vyeupe kumi na viwili, kila kimoja kidogo kuliko punje ya ulezi. Unangoja. Sukari ya ndizi inashuka tumboni, inaingia kwenye damu, damu inapanda hadi jichoni. Halafu kidoa kimoja kinawaka kijani. Cha jirani kinafuata. Halafu vyote, mduara mzima, vinawaka na kufifia, vinawaka na kufifia, kwa pamoja, kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja.

Nimeliangalia jambo hili tangu alipopandwa vidoa hivi, miezi kumi, na bado linanikata maneno. Mimi si mtu wa kushangaashangaa. Nina stashahada ya kilimo, nasimamia maabara ya miche ya migomba, siku nzima nakata vitu vyenye uhai kwa wembe na kuviingiza kwenye chupa. Lakini hapa, ndani ya jicho la mtoto niliyemzaa mwenyewe, kulikuwa na viumbe ambao hawakuzaliwa naye, wasio na ulimi wala pua, na walikuwa wameonja ndizi.

Tunawaita mashahidi. Jina alilitoa Daktari Kasyupa wa Kituo cha Seli, siku alipotueleza atakachofanya. Alichukua seli shina, zile ambazo bado hazijachagua kazi, akazifundisha kazi ya kongosho: kuonja sukari kwenye damu na kutoa insulini kwa kipimo chake. Wingi wake alizipanda chini ya ngozi ya mkono wa Atu. Hiyo ndiyo bustani. Chache akazipanda jichoni. “Bustani iko gizani, Mama Atu, siwezi kuichungulia,” aliniambia. “Lakini jicho lina kioo mbele. Hawa wa jichoni ni ndugu wa wale wa mkononi, wanakunywa damu ile ile. Wakiwa wazima hawa, wale ni wazima. Wakigeuka hawa, nao wamegeuka.”

Na mmoja alikuwa amegeuka.

Alikuwa yule wa upande wa pua. Jumamosi mbili zilizopita alikuwa sawa na wenzake. Sasa alikuwa mkubwa mara mbili, ukingo wake umetoka nje kama unga uliochacha, na kutoka kwake kijishipa chekundu kipya kilikuwa kinatambaa. Wenzake walipofifia, yeye hakufifia. Alibaki anawaka. Sitadanganya: alikuwa mzuri kuliko wote.

Nikazima tochi. “Nampigia Kasyupa.”

“Kesho kutwa. Nakuomba. Kesho Bupe anapandwa.”

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipokuwa umekaa tangu asubuhi. Bupe ni mtoto wa jirani yetu, ana miaka saba, na sukari yake hushuka bila kubisha hodi. Mwezi uliopita alianguka kwenye mstari wa shule akiwa na kipande cha chaki mkononi. Seli zake zilikuwa zinamngoja Kituoni, na zilitoka chupa ile ile zilikotoka za Atu. Kituo kina chupa mama moja tu kwa bonde zima, kwa sababu ilichukua miaka kuzipata seli ambazo askari wa mwili hawazishambulii.

“Ukipiga leo wataifunga chupa,” Atu akasema. “Bupe atarudi kwenye sindano. Kwa nini? Kwa sababu kimoja kimenenepa. Labda si kitu.”

“Labda.”

“Na hata kama ni kitu, mimi nimepata miezi kumi. Unajua miezi kumi ni nini? Nimepanda mlima Rungwe na darasa langu bila wewe kunifuata nyuma na chupa ya juisi. Nimelala usiku mzima. Wewe umelala usiku mzima! Mwache naye apate.”

Nikatoa jibu la kazini. “Maabara, chupa moja ikigeuka tunafanyaje?”

Alilijua. Amekua akilisikia nikiwaambia vijana wa mafunzo, hata wakati wa chakula. Mche mmoja ukitoka na jani lililokunjamana au shina lililovimba, huutupi huo peke yake. Unatafuta ulitoka chupa mama ipi, unakusanya ukoo mzima, watoto, wajukuu, hata wale wanaopendeza, unaupeleka kwenye jiko la mvuke na kuuchemsha. Ukimwonea huruma mmoja, unampelekea mkulima shamba zima la hasara.

“Mimi si mgomba,” akasema polepole.

“Najua.”

“Na ile migomba ya Kiwira isiyoshikwa na mnyauko? Ilitoka wapi? Ulisema mwenyewe, ilitoka kwenye chupa iliyogeuka.”

Huyu mtoto ni wangu kabisa. “Ni kweli,” nikasema. “Lakini tuliupanda mmoja, pembeni, mbali na shamba la mtu. Tukautazama msimu baada ya msimu kabla hatujampa yeyote mche. Na walipokuja kuomba, tulifanya nini kwanza?”

Akaokota ganda la ndizi, akalikunja.

“Atu. Tulifanya nini?”

“Mliwaonyesha shina mama.”

Ndivyo ilivyo huku kwetu, tangu kabla ya maabara na chupa. Mche wa mgomba hauuzwi kwa jirani, ukiombwa unatoa. Lakini anayeuchukua hauchukui kimyakimya. Unampeleka bustanini, analizunguka shina mama, anapiga kigogo kwa ngumi, anatazama majani ya chini. Akiona doa, unalisema doa hilo kwa kinywa chako. Ukilificha, hata aliyekufa wa ukoo wako atatajwa kwa aibu hiyo.

“Basi simpigii Kasyupa kwanza,” nikasema. “Nampigia Mama Bupe. Aje aone.”

*

Subilaga, Mama Bupe, alikuja kupitia uani, Bupe mgongoni ingawa mtoto amekuwa mkubwa wa kubebwa, na begani mfuko wa buluu wa kuhifadhia baridi ambao hauachi hata akienda chooni. Mfuko ule nilimpa mimi. Wiki ile Kituo kilipotuambia Atu hahitaji sindano tena, nilisafisha nyumba kama mtu aliyefukuza mwizi: kalamu za insulini, sindano, mashine ya kupimia sukari, vyote nikampelekea Subilaga. Sikubakiza hata kimoja. Niliona kubakiza ni kutokuamini.

“Shikamoo, Mama Atu,” Bupe akasema juu ya bega la mama yake.

“Marahaba, mwanangu.”

“Simu yako imenitia tumbo joto,” Subilaga akasema. “‘Njoo uone shina mama.’ Nani kakuambia nataka migomba leo? Kesho asubuhi tuko Kituoni, sijafua hata nguo ya mtoto.”

Nikamwingiza stoo, nikamweleza bila kuzungushazunguka. Nilisema kilichogeuka, nikasema tangu lini, nikasema chupa ni moja. Nilisema pia kwamba sijui mwisho wake. Kisha nikampa tochi. Atu akala ndizi nyingine, akafungua jicho.

Subilaga hakuwahi kuwaona wakiwaka. Nilimsikia akivuta pumzi.

“Mungu wangu,” akanong’ona. “Wanapumua.”

“Wanafanya kazi,” nikasema.

“Na mimi nione!” Bupe akashuka mgongoni, akapanda juu ya debe. Aliweka uso wake karibu na wa Atu hadi pua zikagusana. “Dada Atu, humo ndani kuna mji.”

“Kuna mji,” Atu akakubali.

“Nani anaishi?”

“Wapishi. Nikila, wanaamka.”

“Na mmoja hajalala. Ona, wenzake wamezima taa, yeye kazi tu.”

Subilaga alichukua tochi tena, akamtazama yule mmoja kwa muda. Nilijua anachokifanya. Alikuwa anapiga kigogo kwa ngumi.

Alipogeuka kwangu, uso ulikuwa umekauka. “Nimeona. Asante kwa kunionyesha. Kesho nampeleka.”

“Subilaga.”

“Nampeleka, Mama Atu. Daktari asijue hadi kesho jioni, basi. Nakuomba kwa magoti kama unataka magoti.”

“Umeona doa.”

“Nimeona! Na wewe uliona kaburi la Ambakisye, ulisimama pale pale na mwavuli wako.” Ambakisye alikuwa mtoto wake wa kwanza. Sukari ilimchukua kabla bonde hili halijajua neno seli. “Unaniambia labda. Labda yako ina miaka ndani yake. Labda yangu inaweza kuwa leo hii, saa ya kuoga. Huyu akipata miezi kumi kama Atu, mimi nitapiga vigelegele kila siku ya hiyo miezi kumi. Nani kakupa wewe kazi ya kuchemsha watoto wa watu?”

Lilinipata. Lilinipata kwa sababu lilikuwa lile lile alilosema Atu, na lile lile ambalo moyo wangu ulikuwa umesema usiku kucha kwa sauti ya chini. Kama angenisukuma mara moja zaidi, sijui. Huenda ningeizima tochi, nikafungua mlango, tukanywa chai.

Aliyesema ni Atu.

“Mama Bupe, siwezi kukupa.”

“Wewe nyamaza, mtoto mzuri. Si zako. Za Kituo.”

“Ziko jichoni mwangu.” Alikuwa bado amemshika Bupe kiunoni asianguke kutoka kwenye debe. “Tangu asubuhi nagombana na Mama, namwambia aache apandwe. Maneno yako hayo hayo. Lakini nilikuwa nasema nikiwa simwoni. Sasa amekuja kanigusa pua.” Akatazama chini. “Kilichogeuka jichoni kinaonekana. Cha mkononi hakionekani. Siwezi kumwekea.”

Subilaga akaketi juu ya gunia. Hakulia. Alimvuta Bupe mapajani, akaanza kumfunga vifungo vya sweta ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

Nikampigia Daktari Kasyupa mbele yao wote, nikaongeza sauti wasikie. Alisikiliza bila kunikatiza. Mara moja tu aliuliza, “Hafifii wenzake wakififia?” Nikasema hafifii.

“Kesho hapandwi mtu,” akasema. “Na kuna watoto watatu waliopandwa baada ya Atu. Nawapigia nikikata hapa. Mama Bupe yupo hapo?”

“Nipo,” Subilaga akajibu.

“Samahani, mama. Kuna chupa nyingine inachipua, tumeianzisha na ngozi ya watoto wenyewe. Haitakuwa tayari kabla ya mvua kubwa. Sitakudanganya kwamba ni karibu.”

“Usinidanganye.”

“Mama Atu, kuhusu binti. Naweza kukikata hicho kimoja nikakipima. Majibu si ya leo wala ya wiki hii, na katika kungoja sioni kinachotendeka mkononi. Au mzizime zote sasa kwa dawa. Angekuwa wangu, ningezima. Lakini si wangu, na kifuniko cha dawa hakifunguki kwa dole gumba langu.”

*

Dawa ya kuzima ilikuwa kwenye friji, nyuma ya maziwa mgando. Kila nyumba yenye bustani huwa nayo. Kwa mimi na wewe ni maji machungu tu, lakini kila seli ya Kituo ilipandwa na mlango wa nyuma, na dawa hiyo ndiyo inayoujua huo mlango. Seli ikiipata, inajifunga yenyewe na kufa. Si hii wala ile, zote. Kifuniko kina vioo viwili vidogo, kimoja cha mzazi na kimoja cha mgonjwa. Kimoja peke yake hakifungui kitu.

Nilidhani nitalazimika kumsukuma. Nilikuwa na hotuba. Nilipogeuka kutoka kwenye simu, Atu alikuwa ameshaileta chupa ya dawa, maji ya baridi yake yakimtiririkia vidoleni, na dole gumba lake lilikuwa tayari juu ya kioo chake, kinawaka njano, kinangoja.

Na mimi, niliyepiga kelele kutwa nzima, mkono haukunyanyuka.

Nilifikiria usiku. Watu wanaodhani sukari ni sindano hawajui usiku. Kuamka na kumchoma kidole akiwa amelala, kutazama namba, kurudi kitandani na kusikiliza kama anapumua. Miaka tisa ya hivyo. Halafu bustani ile, na asubuhi ya kwanza niliyoamka jua limeshatoka, nikakimbilia chumbani kwake nikijua amekufa, nikamkuta anakoroma.

“Tunaweza kungoja majibu,” nikasema. Mimi ndiye niliyesema hayo.

“Mama.” Hakuwa na hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. “Kama hakifai kumpa Bupe, kinanifaaje mimi?”

Nikaweka dole gumba.

Kifuniko kililia kidogo, kikaachia. Aliinywa yote kwa mkupuo mmoja, akakunja uso. “Inanuka kama soksi za Baba.” Baba yake anaendesha malori Tunduma, soksi zake zinajulikana mtaa mzima. Hata Subilaga alitoa sauti pembeni mwa mdomo.

“Sasa ule,” nikasema. “Haraka.” Kwa sababu hilo nalo Kasyupa alikuwa amelirudia mara mbili: seli zinapokufa hazifi ghala likiwa limejaa. Kila moja inatema insulini yote iliyonayo, na mwili unabaki bila sukari. Gari la Kituo lilikuwa limeshatumwa, linajiendesha lenyewe kutoka mjini. Hadi lifike, kazi yetu ilikuwa kumlisha.

Basi tukamlisha. Subilaga aliinuka kwenye gunia bila kuambiwa, akatoa mashine ya kupimia kwenye ule mfuko wa buluu, akamchoma Atu kidole kwa ustadi wa mtu anayefanya hivyo kila siku, akasoma namba kwa sauti. Bupe akawa mmenya ndizi. Mimi nikashika tochi.

Waliwaka. Sijawahi kuwaona vile, na sitawaona tena. Sukari ilikuwa inamiminika, na wao walikuwa wanatoa kila walichonacho, na kijani kilijaa jicho lote hadi kikamwagika shavuni mwa Atu na kwenye vidole vyangu. Wakaacha kwenda pamoja. Kila mmoja alitwanga kwa mdundo wake, mbio, mbio zaidi. Halafu mmoja wa juu akazima. Halafu wawili wa chini. Nikawa nawaona wakienda, mmoja mmoja, kimya, kila mmoja akiwa ameacha kazi imekwisha. Yule mkubwa alibaki mwisho. Alisimama peke yake katika giza lile, anawaka bila kupepesa, mpaka nikaanza kuogopa kwamba kwa huyu dawa haikuupata mlango wa nyuma.

Kisha ukingo ukafifia. Kisha kati.

“Wamelala?” Bupe akauliza.

“Wamelala,” Atu akajibu. Jicho lake lilikuwa jicho tu, lenye machozi, linanitazama.

Nje gari la Kituo lilipiga honi langoni. Nikavua gunia dirishani, mwanga ukaingia, nikaanza kutafuta kandambili za Atu na sweta lake. Ndipo nikasimama katikati ya stoo. Usiku huu angehitaji insulini, na kesho, na kesho kutwa, na ndani ya nyumba yangu hakukuwa na hata tone.

Subilaga alikuwa ameshafungua ule mfuko. Alitoa kalamu moja, akaitazama kwenye mwanga kuona imebaki kiasi gani, akaishika mkononi. Nyingine akaziacha humo. Kisha akabadilisha nia, hiyo moja akaifunga kwenye pindo la kanga yake iwe ya Bupe, na ule mfuko wa buluu pamoja na mashine akautundika begani kwa Atu.

Chini ya ukanda wa mfuko jina la Atuganile lilikuwa bado limeandikwa kwa wino wangu.

“Panda garini, mwanangu,” akamwambia. “Mimi na Bupe tunakaa mbele.”